"Mshipa", ngiri, busha, mtoki: mgonjwa anaposema neno moja, tuelewe nini?

mhudumu_wa_kata aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Naandaa karatasi ya maneno kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunaopita nyumba kwa nyumba huku ukanda wa Pwani. Neno linalotusumbua kuliko yote ni *mshipa*. Mzee ana uvimbe kwenye korodani, anasema ana mshipa. Mama anakufa ganzi mguu mmoja kuanzia kiunoni, naye ana mshipa. Kijana kavimba kinena baada ya kubeba magunia, wenzake wanamwambia ni mshipa wa ngiri, wakati jirani anasema ni busha. Mtoto mchanga kitovu kimetokeza, bibi yake keshakifunga kwa sarafu na kitambaa. Wasichana nao kila maumivu ya chini ya kitovu ni chango.

Naomba wenye utaalamu wanisaidie mambo matatu. Kila neno lina maana gani kwenye mwili? Tutofautishe vipi pale nyumbani, bila mashine, tukiwa na tochi na vidole tu? Na kipi hakiwezi kusubiri kesho asubuhi?

---

TabibuPwani alijibu:

Ndugu mhudumu, umeuliza jambo la maana sana. Nianze na mshipa wenyewe, wa ngiri nawaachia wapasuaji.

Katika Kiswahili cha kawaida mshipa ni kitu chochote chembamba, kirefu kama kamba au mrija, kinachopita mwilini. Kwa hiyo neno moja limebeba viungo vinne vyenye kazi tofauti kabisa.

Ateri hutoa damu moyoni kuipeleka mwilini. Ukuta wake ni mnene na ndani mna msukumo, ndiyo maana inadunda. Ukiweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, unachokisikia ni ateri. Kipimo cha presha hupima msukumo wa ateri. Ikikatwa, damu hutoka kwa kuruka, nyekundu ya kung'aa.

Vena huirudisha damu moyoni. Haidundi, ukuta wake ni laini, na ile unayoiona ya kijani au bluu chini ya ngozi ni vena. Maabara wanatoa damu kwenye vena ya kiwiko kwa sababu iko karibu na msukumo wake ni mdogo. Ikikatwa, damu hutiririka bila kuruka, na rangi yake imekoza. Zote mbili zinazuiwa kwa kukandamiza jeraha kwa nguvu bila kuachia, tofauti ni kwamba kwa ateri huna muda wa kutafuta kitambaa kizuri.

Neva haina damu ndani. Ni kama waya: hupeleka taarifa za maumivu, joto na mguso kwenye ubongo, na kurudisha amri kwenye misuli. Neva ikibanwa au ikiharibika mtu hasemi panauma tu. Anasema panawaka moto, pana ganzi, wadudu wanatembea, au umeme unapita.

Kano ni ule uzi mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Lile nene la nyuma ya kisigino ni kano. Kano linauma ukilitumia, na ukilibonyeza unaonyesha kwa kidole kimoja pale panapouma.

Sasa yule mama mwenye ganzi ya mguu mmoja kuanzia kiunoni, mshipa wake ni neva. Ile kubwa inayotoka chini ya mgongo, inapita kwenye tako na kushuka nyuma ya paja hadi chini ya goti, imebanwa pale inapochomoza kwenye uti wa mgongo. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache kwa dawa za maumivu na kuendelea kutembea kadiri wanavyoweza; kulala kitandani siku nyingi kunachelewesha. Lakini muulize maswali mawili bila haya: je, sehemu anayokalia, pale kati ya mapaja, imekufa ganzi? Je, mkojo au haja kubwa vinamshinda kuzuia, au mkojo umegoma kutoka? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo ni hospitali siku hiyohiyo. Neva za kibofu zikibanwa muda mrefu hazirudi.

Kuna kosa jingine ambalo nataka liandikwe kwa wino mzito kwenye karatasi yako. Mtu akisema mshipa wa mguu umekaza, watu huanza kuchua kwa mafuta ya moto. Kabla ya kuchua, linganisha ndama za miguu yote miwili. Kama mmoja umevimba, una joto na unauma kuliko mwenzake, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni, aliyepasuliwa, au mtu aliyelala kitandani siku nyingi, huenda damu imeganda ndani ya vena. Usiuchue. Donge lile linaweza kung'oka, likapanda hadi mapafuni na kuua. Apelekwe hospitali.

Na "mshipa wa kichwa umepasuka" wengi humaanisha kiharusi. Kiharusi kingine ni mshipa kuziba, si kupasuka, na dalili za nje zinafanana: mdomo kwenda upande, mkono mmoja kukosa nguvu ghafla, maneno kuvurugika. Usimnyweshe kitu, koo lake huenda halimezi vizuri. Andika saa ilipoanza, mpeleke.

---

MeziYaUpasuaji alijibu:

Nakubaliana na tabibu hapo juu. Naingia kwenye kinena.

Ili kuelewa kwa nini ngiri na busha vinachanganywa, lazima ujue korodani zinatoka wapi. Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama, korodani zake hukaa juu, ndani ya fumbatio, karibu na figo. Kuanzia takriban mwezi wa saba wa ujauzito hupita kwenye njia finyu ya kinena na kushuka kwenye mfuko wake. Zikishuka huvuta pamoja nazo utando unaofunika matumbo, ukiwa kama mfuko mwembamba mrefu. Baadaye mfuko huo unatakiwa uzibe.

Usipoziba, kila kitu kinategemea upana wake. Ukibaki na upenyo mdogo, maji ya tumboni tu ndiyo hupita na kujaa kuzunguka korodani: hilo ni busha la mtoto. Ukibaki mpana, utumbo wenyewe unateremka: hiyo ni ngiri, ambayo hospitalini wengi wanaiita henia. Kwa mtu mzima ngiri inaweza pia kutokea kwa sababu ukuta wa misuli ya kinena umechoka na kuachia. Kikohozi cha muda mrefu, kujikamua chooni, kujikamua kwa sababu ya tezi dume, kubeba mizigo mizito: vyote vinaongeza msukumo ndani ya tumbo. Gunia la yule kijana huenda halikutengeneza tundu, ila lilisukuma utumbo kwenye tundu lililokuwepo.

Kwa kifupi: ngiri ni utumbo au mafuta ya tumbo yaliyotoka mahali pake. Busha ni maji yaliyozunguka korodani. Vyote vikiwa kwenye mfuko uleule, mtu wa kawaida anaona uvimbe tu.

Mpime hivi, kwa ridhaa yake na mahali pa faragha. Asimame kwanza. Shika shingo ya mfuko, juu kabisa, kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Kama vidole vyako vinakutana juu ya uvimbe na unashika ile kamba ya korodani tu, uvimbe umeanzia humo chini, na huenda ni busha. Kama huwezi kufika juu yake kwa sababu uvimbe unaendelea hadi kinenani, umetoka tumboni, hiyo ni ngiri mpaka ithibitike vinginevyo. Mwambie akohoe. Ngiri hupiga vidole vyako au huongezeka, busha halibadiliki. Kisha alale chali dakika chache. Ngiri nyingi hurudi ndani zenyewe, wakati mwingine kwa sauti ya kugugumia. Busha la mtu mzima halirudi.

Tochi hutumika mwisho. Funga madirisha, weka tochi nyuma ya uvimbe. Maji huwaka wekundu kama taa ndani ya puto, utumbo kwa kawaida hauwaki. Tahadhari mbili: utumbo wa mtoto mchanga ni mwembamba na unaweza kuwaka, na busha la miaka mingi lenye ukuta mnene, damu au usaha haliwaki. Kwa hiyo tochi peke yake isikupe uamuzi. Na asijaribu mtu kutoboa kwa sindano kwa sababu tochi iliwaka.

Kuna uvimbe mwingine wa aina tatu hapohapo. Mishipa ya vena iliyovimba juu ya korodani, mara nyingi kushoto, ukiishika ni kama kushika fungu la minyoo, na hupungua akilala. Huu kweli ni mshipa. Wa pili ni mtoki, yaani tezi ya kinena iliyovimba. Mtoki haurudi ndani, haupigi akikohoa, na uko kama punje moja au kadhaa za maharage. Usihangaike nao wenyewe, kagua mguu mzima: kidonda katikati ya vidole, funza, jipu, kisha uulize kuhusu vidonda sehemu za siri. Mtoki mgumu, au unaozidi wiki nne bila sababu, uchunguzwe kwa kifua kikuu, VVU na saratani. Wa tatu ni korodani yenyewe kuwa ngumu kama jiwe bila maumivu, hasa kwa kijana. Hiyo ipigwe picha ya ultrasaundi haraka.

Sasa swali lako la kesho asubuhi. Mawili hayasubiri hata usiku mmoja.

La kwanza, ngiri iliyonaswa. Jana ilikuwa inarudi, leo hairudi, imekuwa ngumu, inauma ukiigusa, na mgonjwa anatapika, tumbo limejaa, hatoi hewa wala choo. Utumbo umebanwa kwenye tundu, damu haipiti, na ndani ya takriban saa 6 unaweza kuanza kufa. Ngozi ikishakuwa nyekundu au nyeusi ujue umechelewa. Usiisukume kwa nguvu: unaweza kurudisha ndani utumbo uliokufa, ukapasukia tumboni. Asile, asinywe, asipewe dawa ya kuharisha, asichuliwe wala kuchanjwa chale. Aende hospitali yenye chumba cha upasuaji, si zahanati. Ukimpeleka zahanati umepoteza saa mbili.

La pili, korodani iliyojipinda. Kijana, mara nyingi kati ya miaka 12 na 18, anaamka na maumivu makali ya ghafla upande mmoja, anatapika, korodani imepanda juu. Hapo nako muda mzuri wa kuiokoa ni ndani ya saa 6. Wengi wanaipoteza kwa sababu kijana anaona aibu kusema anaumwa wapi, anasema tumbo. Kijana akisema tumbo la chini linamuuma ghafla, muulize na huko.

---

afya_na_mbu alijibu:

Niongeze kuhusu busha la watu wazima wa Pwani, maana hapo bado watu wanalaumu madafu. Maji ya dafu yakinywewa huenda tumboni na kutoka kama mkojo, hakuna njia yanayoweza kupita kufika kwenye korodani. Mwandikie kila mtu hivyo.

Sehemu kubwa ya mabusha ya ukanda huu hutokana na minyoo ya matende. Mbu akimuuma mtu mwenye vimelea, huvipeleka kwa mwingine. Minyoo mikubwa hukaa miaka kadhaa ndani ya njia za limfu, yaani mirija midogo inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu. Njia hizo zikiharibika mguuni unapata matende, zikiharibika kwenye korodani unapata busha. Kuumwa na mbu mara moja hakutoshi, ni kuumwa tena na tena kwa muda mrefu, ndiyo maana wageni wa siku chache ni nadra kupata.

Watoto wa minyoo hiyo huingia kwenye damu iliyo karibu na ngozi usiku. Kipimo cha kuangalia damu kwa darubini huchukuliwa kati ya saa 4 usiku na saa 8 usiku. Damu ya mchana inaweza kuonekana safi wakati mtu anao. Wananchi wakiwauliza kwa nini timu inakuja usiku, hilo ndilo jibu, hakuna jingine.

Kingatiba, yaani ivermektini na albendazoli zinazogawiwa mara moja kwa mwaka, huua hao watoto wa minyoo ili mbu asiwe na cha kubeba. Haikaushi busha lililokwisha kujaa. Msiahidi hivyo, kwa sababu mtu akinywa na busha likabaki, mwaka unaofuata anakataa na anawashawishi wengine wakatae.

Mbu wa mjini anayehusika zaidi huzaliana kwenye maji machafu: vyoo vya shimo vyenye maji, makaro, mitaro iliyoziba. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga kwenye vyoo vya shimo punje nyepesi za plastiki zinazoelea. Zilitanda juu ya maji, viluwiluwi vikakosa hewa, na mbu wakapungua sana. Naitaja kwa sababu inaonyesha choo cha jirani kina uhusiano na busha la mtu.

---

mkunga_wa_zamu alijibu:

Kwa upande wa watoto na akina mama.

Kitovu kilichotokeza ni ngiri ya kitovu. Tundu lilikopita kitovu halijafunga. Kwa watoto wetu ni jambo la kawaida sana, na vitovu vingi hufunga vyenyewe kabla ya miaka 4 au 5. Mwambie bibi kwa heshima, shikamoo kwanza, kwamba sarafu haiharakishi kufunga. Chini ya kitambaa panakusanya jasho na uchafu, ngozi inachubuka, na kwa mtoto ambaye kitovu bado kibichi hapo ndipo vijidudu huingia. Angalia tu: mtoto akilia kinatokeza, akitulia kinabonyea. Kikiwa kigumu, kikabadilika rangi, mtoto anatapika, hiyo ni dharura ileile aliyoisema mpasuaji.

Busha la mtoto mchanga husubiriwa, mengi hukauka kufikia mwaka mmoja hadi miwili. Ngiri ya kinena ya mtoto haisubiriwi. Haifungi yenyewe, na mtoto chini ya mwaka mmoja ndiye yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kunaswa. Watu wameyashika haya mawili kinyume: busha linakimbiziwa dawa, ngiri inasubiriwa akue.

Chango si ugonjwa mmoja. Neno hili limebeba maumivu ya hedhi, gesi tumboni, minyoo, uvimbe kwenye kizazi, maambukizi ya mirija ya uzazi, na kwa watoto wachanga kile kilio cha jioni cha kujikunja, ambacho wengine hukiita mchango. Usimkatalie msichana neno lake, libomoe kwa maswali. Yanakuja na damu ya mwezi au siku zozote? Kuna uchafu wenye harufu? Homa? Anasikia maumivu wakati wa tendo? Hedhi ya mwisho ilikuwa lini? Hedhi imechelewa, maumivu makali upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia: huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Huyo hasubiri chai ya tangawizi.

Na wanawake nao wanapata ngiri. Wao hupata zaidi ya wanaume ile ya chini ya mkunjo wa paja, ndogo kama ndimu, ambayo hudhaniwa kuwa mtoki. Tundu lake ni finyu, inanasa upesi.

---

mhudumu_wa_kata aliandika:

Ahsanteni sana wakuu, karatasi imeshabadilika yote. Mawili yamebaki. Wauzaji wa dawa za mitishamba wanatangaza kwamba ngiri ndiyo inaleta maumivu ya kiuno, tumbo kuunguruma na kupungukiwa nguvu za kiume, na kwamba mizizi inaivuta irudi. Nijibu nini? Na watu wanaogopa upasuaji, wanaogopa nusu kaputi na "kuwekewa nyavu".

---

MeziYaUpasuaji alijibu:

Jibu kwa kutumia neno tundu. Ngiri ni tundu kwenye ukuta, na dawa ya kunywa haishoni tundu. Uvimbe ukipungua baada ya kunywa mizizi, mwulize kama alikuwa amelala; kulala ndiko kulikourudisha. Mtu mwenye maumivu ya kiuno, tumbo linalounguruma na nguvu zilizopungua bila uvimbe wowote kinenani, aliyemwambia ana ngiri amempa jina lisilo lake. Huyo apimwe sukari, presha na mkojo, aulizwe dawa anazotumia na usingizi wake. Nguvu za kiume kupungua mara nyingine ni dalili ya kwanza ya kisukari au ya ateri zilizoanza kuziba, na kila mwezi anaokunywa dawa ya ngiri ni mwezi wa sukari isiyotibiwa.

Kuhusu upasuaji: nusu kaputi si lazima. Ngiri ya kinena ya mtu mzima hufanywa kwa ganzi ya mgongo au hata ganzi ya pale panapopasuliwa, mgonjwa akiwa macho na anaongea. Daktari anarudisha utumbo, kisha anaweka wavu laini wa takriban sentimita 8 kwa 15 juu ya sehemu dhaifu na kuushona. Nyama huota kupitia matundu ya wavu na ukuta unakuwa mgumu. Bila wavu, kushona peke yake huvuta misuli, na ngiri hurudi mara nyingi zaidi. Watoto hawawekwi wavu, hufungwa ule mfuko tu.

Wavu wa kiwandani ni ghali, na hilo ndilo linalowazuia wengi. Mashariki mwa Uganda ulifanyika utafiti, ukachapishwa mwaka 2016, uliolinganisha wavu wa kiwandani na wavu wa bei ndogo uliotengenezwa kwa kitambaa cha chandarua kisicho na dawa, kikatakaswa kitaalamu. Baada ya mwaka mmoja matokeo yalilingana. Waelezeni vizuri watu wasije wakadhani ni chandarua cha kitandani.

Busha la mtu mzima nalo hupasuliwa: maji yanatolewa na ule mfuko unakatwa au kugeuzwa ili usijaze tena. Kunyonya kwa sindano tu hujaza upya ndani ya wiki au miezi, na kila sindano inaweza kuingiza vijidudu.

Baada ya ngiri atembee siku hiyohiyo. Asibebe ndoo, gunia wala mtoto mkubwa kwa wiki 4 hadi 6. Ale matunda na mboga, anywe maji, asijikamue chooni. Homa, usaha au kidonda kuvimba kwa kasi, arudi bila kungoja tarehe ya kliniki.

Kwenye barua ya rufaa usiandike "ana mshipa". Andika hivi: *Uvimbe kinena cha kulia, una miezi mitatu, unashuka kwenye mfuko wa korodani, unaongezeka akikohoa, ulikuwa unarudi akilala, tangu saa 2 asubuhi leo haurudi, ametapika mara mbili, hajatoa hewa.* Anayepokea barua hiyo usiku ataandaa chumba cha upasuaji mgonjwa akiwa bado njiani.